UZI: Mashindano yana tarehe, fildi ya kijiji haina

1/
Msimu wa bajeti ukifika huku Mwala, mjadala ni ule ule. Kwenye kikao cha maoni ya wananchi, mama mmoja anasimama: "Mbona mnatuletea habari ya uwanja na zahanati haina dawa?" Makofi. Kijana wa bodaboda anajibu kutoka nyuma: "Na sisi tucheze wapi, kwa barabara?" Makofi pia. Saa inaisha, watu wanatia sahihi karatasi ya mahudhurio, soda, nyumbani.

Mama yuko sawa. Kijana yuko sawa. Na kila mwaka wote wawili wanatoka mikono mitupu. Uzi huu unaeleza kwa nini, kwa kufuata historia ya pesa za viwanja Kenya hii. Ni mrefu, tafuta chai.

2/
Kanuni za uzi huu: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Viwanja vyetu vingi vimepewa majina ya viongozi, kwa hivyo nitaviita kwa jina la mji au mtaa. Ukija kwenye maoni kutetea mtu wako, utakuwa umekosa njia. Hapa tunaongea juu ya hela.

3/
Kwanza, pesa yako inaingiaje huko? Mama anayeuza nyanya soko la Masii analipa ushuru wa soko. Mwenye duka analipa leseni. Hizo zinaenda kaunti. Lakini sehemu kubwa ya pesa za kaunti hutoka Nairobi: ni mgao wa mapato ya taifa, yaani ile kodi unayokatwa ukinunua sabuni, petroli, ama muda wa maongezi kwa simu.

Kwa hivyo usikubali kuambiwa "wewe hulipi kodi, huna kazi." Ukiosha nguo, umelipa.

4/
Kuna mfuko mwingine ambao wengi hawaujui. Tangu 2018 nchi ina Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii. Kwa kiasi kikubwa unajazwa na kodi za kamari na bahati nasibu.

Maana yake ni hivi: yule jamaa wa stage aliyeweka hela yake kwa mkeka Jumamosi, timu moja ikamwangusha, mkeka ukachanika, naye ni mfadhili wa michezo ya taifa. Hakuna aliyemwambia. Na mara nyingi fildi ya kijiji chake mwenyewe ndiyo ile yenye goli la miti miwili.

5/
Pili, nani anawajibika? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imegawa kazi. Serikali ya kitaifa ina jukumu la kukuza michezo na elimu ya michezo. Kaunti imepewa shughuli za michezo na vifaa vyake, yaani viwanja vya huku kwetu. Halafu Sheria ya Michezo ya 2013 ikaunda Sports Kenya kusimamia viwanja vya taifa.

Shida ni kwamba kaunti hiyo hiyo ndiyo yenye zahanati, maji, barabara za mashinani na shule za chekechea. Ndiyo maana mama na kijana wanagombana: wanachota kwenye sufuria moja.

6/
Sasa historia. Mpira wa ushindani Afrika Mashariki haukuanza na viwanja vya kodi. Mwaka 1926 Kenya na Uganda walianza kushindania Kombe la Gossage, lililodhaminiwa na mtengenezaji wa sabuni. Tanganyika iliingia 1945, Zanzibar 1949. Baadaye kombe hilo likageuka kuwa lile tunaloliita leo Kombe la CECAFA.

Shikilia jina hilo. Litarudi Machakos huko mbele.

7/
Kijijini nako? Wazee wetu walikuwa wanalipa kodi ya kibanda tangu mwanzo wa miaka ya 1900, na baada ya 1924 mabaraza ya wenyeji yakaruhusiwa kutoza ushuru mwingine juu yake. Bado kazi nyingi za pamoja zilifanywa kwa mikono. Ukambani tunajua *mwethya*: kikundi cha majirani kinachofanya kazi kwa zamu. Matuta ya shambani unayoyaona kwenye vilima vya Machakos, mengi yalichimbwa hivyo.

Baada ya uhuru zikaja shule za harambee. Shule ikijengwa kwa michango, hata fildi ilisawazishwa kwa jembe la mzazi na ndoo ya mwanafunzi. Kwa hivyo tangu zamani mwananchi wa huku amelipa mara mbili: kwa kodi, na kwa mgongo wake.

8/
Serikali ilianza lini kujenga vile vikubwa? Nyayo, Nairobi, ilifunguliwa 1983. Kasarani ilikuwa tayari 1987, kwa msaada wa serikali ya China, kwa sababu Nairobi ilikuwa mwenyeji wa Michezo ya Afrika mwaka huo. Kenya ikafika fainali ya kandanda, tukafungwa na Misri 1-0. Wazee bado wanasimulia.

Angalia kilichofanya Kasarani ijengwe. Watoto wa Nairobi Mashariki walikuwa hawana pa kucheza miaka yote, na hakuna aliyeharakishwa na hilo. Kilichoharakisha kazi ni tarehe: wageni wanakuja Agosti.

9/
Tarehe isipoheshimiwa, aibu. Kenya ilipewa Kombe la Mataifa ya Afrika la 1996. Matayarisho hayakuenda, tukalikosa, na Afrika Kusini wakaliandaa. Wakalibeba pia, nyumbani kwao.

Baada ya hapo Kasarani ilizeeka polepole. Ikaja kufanyiwa ukarabati mkubwa karibu 2010 hadi 2012, tena kwa msaada wa China. Miaka zaidi ya 20 tangu ifunguliwe. Uwanja ni kama gari: kununua ni siku moja, kupeleka gereji ni maisha yote. Sisi tuna bajeti ya kununua tu.

10/
Kampeni za 2013: ahadi maarufu sana. Viwanja vitano vipya vya kimataifa ndani ya miaka mitano. Huenda hata wewe unaikumbuka, imekuwa utani wa kitaifa. Ilipofika 2018 hakuna hata kimoja kilichokuwa kimekamilika kama kilivyoahidiwa.

Siisemi ili kumcheka mtu. Ilani za pande zote huwa na uwanja ndani, kwa sababu uwanja unapigika picha. Bomba la maji liko chini ya ardhi. Mshahara wa muuguzi hauna utepe wa kukata. Uwanja una utepe, una jukwaa, una siku.

11/
Sasa 2017, mwaka muhimu zaidi katika hadithi hii. Kenya ilikuwa imepewa CHAN ya Januari 2018, mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani za Afrika. Septemba 2017 shirikisho la Afrika, CAF, likatunyang'anya. Viwanja havikuwa tayari. Yakaenda Morocco.

Nyayo ilikuwa imefungwa ifanyiwe ukarabati kwa ajili ya mashindano hayo. Ilifunguliwa lini? Septemba 2020. Soma tena. Uwanja uliofungwa kwa sababu ya mashindano ya Januari 2018 ulirudi kwa wananchi zaidi ya miaka miwili na nusu baada ya mashindano hayo kuchezwa kwingine.

12/
Lakini Desemba 2017, miezi mitatu tu baada ya aibu hiyo, Kenya iliandaa mashindano ya kimataifa na hayakukwama. Lile kombe la 1926, CECAFA. Wapi? Mechi ya ufunguzi ilipigwa Bukhungu, Kakamega. Fainali ikaja kwetu, uwanja wa Machakos, tarehe 17 Desemba. Kenya na Zanzibar, 2-2, mpaka penalti, kipa Patrick Matasi akawa shujaa, tukachukua kombe 3-2.

Viwanja vya kaunti, si vile vikubwa vya taifa, ndivyo vilivyobeba nchi mwaka huo.

13/
Hapo kuna funzo ambalo halijawahi kutajwa kwenye mdahalo hata mmoja niliosikiliza. Machakos na Bukhungu havikuwa na viti 60,000. Vilikuwa viwanja vya ukubwa wa kawaida, katikati ya mji, ambavyo kaunti zilivifanyia kazi baada ya ugatuzi kuanza 2013. Machakos pia ilikuwa inachezewa raga, ile Masaku Sevens, na mechi za ligi. Ulikuwa uwanja unaotumika, kwa hivyo ulikuwa uwanja ulio tayari.

14/
Usinielewe vibaya, si ati uwanja mdogo unatosha kwa kila kitu. Masharti ya CAF yalikazwa, na ikafika mahali Kenya nzima haikuwa na uwanja hata mmoja ulioruhusiwa kuandaa mechi za kufuzu.

Juni 2024 tulicheza mechi za "nyumbani" za kufuzu Kombe la Dunia huko Lilongwe, Malawi, dhidi ya Burundi na Ivory Coast. Septemba mwaka huo tukaikaribisha Zimbabwe "nyumbani" kwetu Kampala, Namboole. Nchi ya watu zaidi ya milioni 50 inaazima sebule ya jirani kupokea wageni.

Kwa hivyo yule kijana wa bodaboda ana hoja, na si hoja ndogo.

15/
Majirani nao? Dar es Salaam ina uwanja wa watu 60,000 tangu 2007. Namboole ilifunguliwa 1997. Zote mbili China ilikuwa na mkono ndani. Tofauti kubwa ya Dar ni kwamba kuna Simba na Yanga, klabu mbili zinazoweza kujaza uwanja hata pasipokuwa na timu ya taifa.

Hili ni swali la kuuliza kabla ya kumwaga zege popote: siku mashindano yameisha, nani atajaza hivi viti?

16/
Tarehe 27 Septemba 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa AFCON ya 2027. Tarehe ikapatikana, na pesa ikaamka. Machi 2024 kazi ikaanza kwenye uwanja mpya wa Talanta, Ngong Road, Nairobi, wa viti 60,000. Kasarani na Nyayo nazo zikafungwa tena kwa ukarabati, na Agosti 2025 CHAN ikachezwa hapa hatimaye, na fainali Kasarani. Safari hii tuliweza. Hilo lisemwe wazi.

17/
Lakini Talanta inalipwaje? Hapa ndipo watu wengi husinzia, tafadhali amka. Julai 2025 ilizinduliwa bondi, yaani hatifungani, kwenye soko la hisa la Nairobi: zaidi ya shilingi bilioni 44, kwa miaka 15, kwa faida ya takriban asilimia 15 kwa mwaka. Wawekezaji wanatoa pesa leo. Watalipwa kutoka ule mfuko wa michezo, ule wa post ya 4.

Kwa lugha ya stage: mkeka utakaochanika 2035 tayari umeshawekwa rehani.

18/
Hesabu ndogo ya kujifunzia. Si ratiba halisi ya bondi hiyo, ni ya kukuonyesha deni linavyofanya kazi. Ukikopa shilingi 100 kwa asilimia 15, ukalipa awamu sawa kila mwaka kwa miaka 15, kila mwaka utatoa karibu shilingi 17. Zidisha mara 15. Utakuwa umelipa karibu shilingi 256.

Wanaoitetea njia hii wanasema: afadhali, maana uwanja unapatikana sasa na haugusi pesa za hospitali. Ni hoja yenye uzito. Wanaoipinga wanasema: mfuko huo ulikuwa wa wanamichezo wote, wasanii na mambo ya jamii, na ukishafungwa na deni la uwanja mmoja, wengine watasubiri. Nayo ina uzito.

Katiba, Kifungu cha 201, inasema mzigo na faida za mikopo ya umma zigawanywe kwa haki kati ya kizazi cha sasa na vijavyo. Mtoto anayezaliwa leo Kibauni atakuwa sekondari na bado tunalipa. Faida yake yeye ni ipi? Swali hilo liko ndani ya sheria, si la wivu.

19/
Kabla hujasema "basi wajenge za mashinani," sikia ya Kamariny. Iko karibu na Iten, Elgeyo Marakwet. Ilikuwa na njia ya kukimbilia ya udongo, na wanariadha wetu wakubwa walifanya mazoezi pale. Bila zulia, bila jukwaa la maana, lakini ilikuwa inafanya kazi yake.

Serikali ikaamua kuijenga upya kisasa. Ikafungwa, ikachimbwa, kazi ikakwama miaka na miaka. Wakimbiaji wakapoteza hata ule udongo waliokuwa nao. Ruring'u huko Nyeri nayo ilikwama vile vile.

Kwa hivyo hatari haiko kwenye viwanja vikubwa pekee. Hata kidogo kinaweza kukuacha maskini kuliko ulivyokuwa.

20/
Hoja nyingine ya jukwaani: "Uwanja utaleta ajira na biashara." Tuipime na soko la Masii. Siku ya mechi, tuseme umetumia 500 kwa nyama choma na soda nje ya uwanja. Mwenye nyama amefurahi. Lakini kama usingeenda mechi, ile 500 ungekula nayo wapi? Huenda ungekula kwa mama wa muthokoi hapa hapa mtaani. Pesa haikuzaliwa, imehama kibanda.

Pesa mpya ni ya mgeni anayetoka mbali na ambaye hangekuja bila mechi. Huyo yupo, lakini siku ngapi kwa mwaka? Ajira za ujenzi nazo zipo, lakini zege likikauka zinaisha.

Wachongaji wa Wamunyu wamekuwa wakiuza vinyago mpaka ng'ambo kwa vizazi, na hawakuhitaji uwanja. Wakiambiwa AFCON itawanufaisha, waulize: tutauzia wapi, na nani ametutengea nafasi?

21/
Wenzetu walishapita hapa. Marekani, ambako miji imetumia kodi nyingi kujengea klabu viwanja, wanauchumi Roger Noll na Andrew Zimbalist walikusanya tafiti kwenye kitabu cha 1997, na hitimisho likawa kwamba viwanja hivyo havikuinua uchumi wa miji kama vilivyoahidiwa. Tangu wakati huo wachumi wengi wamekubaliana nao, wa mrengo wowote.

Cape Town ilijenga uwanja wa zaidi ya randi bilioni 4 kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2010. Mwezi mmoja wa raha, halafu jiji likabaki likitoa ruzuku kila mwaka kuuendesha. Huko Brazil, baada ya 2014, uwanja ghali wa Brasília ulifika mahali ukatumika kuegesha mabasi.

22/
Sasa niwe mkweli na upande wa pili. Si kila kitu cha umma lazima kirudishe faida. Darasa la chekechea halileti faida. Maktaba hailetí. Siku ile ya Desemba 2017 watu walilia kwa furaha Machakos, na hakuna mhasibu anayeweza kuandika hilo kwenye kitabu.

Michezo ni afya, ni kitu cha kufanya kwa kijana mwenye saa nyingi na kazi kidogo. Kwa hivyo mimi sisemi "hakuna kodi kwa michezo." Nasema tuache kudanganyana kwamba ni biashara. Kama ni huduma, basi tuipime kama huduma: nani anaitumia Jumanne saa kumi jioni?

23/
Na hapa ndipo nilitaka tufike. Pitia tena historia yote: 1987, 1996, 2010, 2017, 2025, 2027. Pesa ya viwanja Kenya huamka tu mtu wa nje akiweka tarehe. CAF ikisema Januari, tunakimbia. Ikinyamaza, tunalala.

Msichana wa Muthetheni anayetaka kucheza mpira hana CAF yake. Hakuna atakayekuja na orodha kukagua kama fildi yake ina choo cha wasichana, maji ya kunywa, ama mashimo ya kuvunja mguu. Hana tarehe, kwa hivyo hana bajeti. Zahanati ya yule mama nayo ni hivyo hivyo: dawa zikiisha hakuna mashindano yatakayofutwa.

Mama na kijana si wapinzani. Ni watu wawili wasio na tarehe.

24/
Fildi ya kijiji inahitaji nini hasa? Si viti. Kwanza inahitaji hati ya ardhi. Ripoti ya tume ya Ndung'u ya 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma nchi nzima ilivyogawiwa watu kinyume cha sheria. Januari 2015, Nairobi, wanafunzi wa msingi walirushiwa vitoa machozi wakitetea uwanja wao wa kuchezea pale Lang'ata Road. Kiwanja kisicho na hati kinachezewa mpaka siku ukuta unapojengwa.

Pili, kusawazishwa na mtaro wa maji, maana mvua ya huku ikinyesha inabeba udongo wote. Tatu, choo na tangi la maji. Nne, mtu mmoja wa kukitunza mwenye mshahara. Hakuna utepe wa kukata kwenye orodha hiyo. Ndiyo maana haifanywi.

25/
Mtu atasema, "Lakini sisi wa kijijini tutabadilisha nini?" Watu wa Machakos hawafai kuuliza hilo. 1938 serikali ya mkoloni iliamua kuwapunguzia mifugo kwa nguvu, ikidai ni kwa faida yao na ya udongo. Watu zaidi ya elfu moja walitembea mpaka Nairobi, wake kwa waume, wakakaa huko kwa wiki kadhaa wakidai kusikilizwa. Serikali ikarudi nyuma kuhusu upunguzaji wa lazima.

Hawakuwa na kura. Hawakuwa na Katiba ya 2010. Walikuwa na swali moja na hawakuondoka.

26/
Sisi tuna zaidi yao. Tuna tarehe, na ziko kwenye Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012:

• Septemba 1: mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti unafikishwa bungeni kwa kaunti. Mradi usiokuwa humo ni vigumu kuingia baadaye.
• Februari 28: waraka wa sera ya fedha, unaoonyesha kila idara itapata kiasi gani.
• Aprili 30: makadirio ya bajeti yanafika bungeni.
• Julai 1: mwaka mpya wa fedha unaanza, na pesa zimeshapangwa.

Wengi wetu hujitokeza Mei na Juni, keki ikiwa imeshakatwa, tunagombania makombo. Mama wa zahanati na kijana wa fildi wakienda pamoja mwezi wa Agosti, wana nafasi.

27/
Maswali ya kubeba, ya uwanja wowote, mkubwa ama mdogo:

a) Ardhi ni ya nani, na hati iko wapi?
b) Gharama yote ni ngapi, pamoja na riba kama ni mkopo?
c) Kila mwaka utahitaji ngapi kuutunza, na hizo ziko kwenye kura gani ya bajeti?
d) Mashindano yakiisha, nani atautumia, siku ngapi kwa wiki, kwa ada gani?
e) Ujenzi ukikwama, sisi tutacheza wapi wakati huo?
f) Ni kitu gani kimeondolewa kwenye bajeti ili huu upate nafasi?

Wakikunyima majibu, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupa haki ya kuandika barua, na ofisi ya umma ina siku 21 za kukujibu. Barua, si kelele. Weka nakala.

28/
Nimalizie. 2027 ikifika nitakuwa mbele ya televisheni kama nyinyi, nikiishangilia Stars, na tukishinda nitaimba mpaka sauti iishe. Pesa imeshakopwa, basi ujengwe vizuri, umalizike, utumike.

Lakini mwaka huu, kabla ya Septemba 1, nataka fildi moja ya hapa Mwala iandikwe kwenye karatasi: hati, mtaro, choo, tangi, mtunzaji. Na kando yake, kwenye karatasi hiyo hiyo, dawa za zahanati. Tuzipe tarehe sisi wenyewe.

Kama kwenu kuna fildi yenye shida ya hati ama kazi iliyokwama, iandike hapo chini: wadi na jina la kijiji tu, bila majina ya watu. Tuanze orodha.